Samaki hukua kwa kile mto ulichomwachia

Ng'oa gamba moja ubavuni mwa samaki wa mtoni, lisugue ute kwa vidole, liache likauke, kisha ulitazame kwenye mwanga kwa kioo cha kukuzia. Utaona mistari myembamba iliyozungukana kama ile ya kisiki cha mti uliokatwa. Mahali pengine mistari imeachana. Mahali pengine imebanana mpaka inafanana na utepe mmoja mweusi. Palipoachana ndipo samaki alipokuwa akinenepa na kurefuka; palipobanana alikuwa akisukuma siku tu.

Ndani ya kichwa chake kuna kumbukumbu nzuri zaidi ya hiyo: kijiwe cha chokaa kinachomsaidia kusikia na kujiweka sawa majini. Mwaka 1971 mtafiti Giorgio Pannella alionyesha kwamba kijiwe hicho huongezewa tabaka jipya kila siku. Ukikisugua kikawa chembamba na kukiweka chini ya hadubini, unaweza kuhesabu umri wa kifaranga kwa siku, kama mtu anayehesabu alama za mkaa ukutani.

Sasa tuseme una samaki wawili wa aina moja na umri mmoja, waliokulia mito miwili tofauti. Mmoja ana sentimita 20, mwenzake 24. Tofauti ya sentimita nne haishtui macho. Ila uzito hufuata urefu uliozidishwa wenyewe mara tatu, na kama maumbile yao yanafanana, huyo wa sentimita 24 ni mzito kuliko mwenzake kwa takriban asilimia 73. Kwa samaki jike, tofauti hiyo inaingia moja kwa moja kwenye idadi ya mayai. Na kwa kuwa samaki wengi hawana umri wa kukoma kukua kama sisi, pengo linaweza kuendelea kupanuka miaka na miaka.

Mto mmoja ulifanya nini ambacho mwingine haukufanya? Wengi huuliza kwa namna hii: samaki huyu anataka joto gani, oksijeni kiasi gani, maji ya kasi gani? Wanatarajia jedwali lenye namba moja kila mstari. Nadhani swali hilo limekaa vibaya tangu mwanzo, na ndilo linalofanya mada hii ionekane ngumu kuliko ilivyo. Mto haumpi samaki ukuaji. Unampa chakula, kisha unamtoza gharama za kuishi humo. Anachokua nacho ni chenji.

Hesabu ya mia

Mwaka 1979 watafiti J. R. Brett na T. D. D. Groves walikusanya vipimo vingi na kutoa makadirio ambayo bado yanatumika kama kianzio. Kwa samaki wadogo wala nyama, kati ya kila sehemu 100 za nishati zinazoingia mdomoni, takriban 27 hutoka kama kinyesi na taka nyingine, 44 huchomwa mwilini kwa ajili ya kuishi, kuogelea na kusaga chakula, na 29 hubaki kuwa mwili mpya. Kwa wala majani picha ni ngumu zaidi: 43 hutoka kama taka, 37 huchomwa, 20 hubaki.

Itazame hiyo 29 kwa makini. Tuseme mto umebadilika kidogo na gharama ya kuishi imepanda kutoka 44 hadi 58, na chakula hakijaongezeka. Gharama imepanda kwa chini ya theluthi, lakini kinachobaki kimeshuka kutoka 29 hadi 15, karibu nusu. Ndiyo maana mabadiliko ya mto ambayo hayaui hata samaki mmoja yanaweza kuwafanya wote wabaki wadogo. Mtu anayepita ukingoni haoni mzoga wowote na anasema mto uko salama.

Kila kitu kitakachofuata hapa, joto, oksijeni, mkondo, tope, msitu wa kando, kinaingia kwenye hesabu hii kwa mlango mmoja kati ya miwili: kinabadilisha kinachoingia au kinabadilisha kinachotumika. Vingine huingia kwa milango yote miwili kwa wakati mmoja, na hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa.

Joto

Samaki karibu wote hawana joto lao wenyewe. Maji yakiwa na nyuzi 12, damu yake nayo iko hapo hapo. Maji yakipanda, kila kitu mwilini kinaenda mbio: moyo, umeng'enyaji wa chakula, kutengeneza nyama, na vilevile kuichoma. Kwa kanuni ya jumla, kila nyuzi 10 za Selsiasi zinapoongezeka, matumizi ya nishati ya mwili uliotulia huongezeka karibu maradufu, mpaka kufikia kiwango ambacho mwili unaanza kushindwa.

Kila aina ina eneo lake. Trauti wa kahawia (samaki wa maji baridi) anayekula wadudu wa majini hukua kati ya takriban nyuzi 4 na 19, na hukua vizuri zaidi karibu na 13. Sato wa Nile hupenda 27 hadi 30, na maji yakishuka chini ya 16 au 17 huacha kula. Ukiwabadilisha mahali, yale yanayomnenepesha mmoja yanaweza kumuua mwingine. Hadi hapo jedwali la namba moja linaonekana kufaa.

Lakini Brett na wenzake, wakifanya kazi Kanada, walichapisha mwaka 1969 jaribio lililoivuruga namba hiyo moja. Walichukua vifaranga vya salmoni wa Pasifiki, wa ile aina inayogeuka mwekundu inapopanda mto kuzaa, wakawaweka kwenye maji ya joto mbalimbali na kuwalisha kwa viwango mbalimbali. Waliopewa chakula bila kikomo walikua kwa kasi zaidi kwenye takriban nyuzi 15. Waliopunguziwa mpaka asilimia 1.5 ya uzito wao kwa siku, kilele chao kilihama mpaka takriban nyuzi 5. Samaki ni walewale. Kilichobadilika ni sahani.

Ukirudi kwenye hesabu ya mia, sababu inajitokeza yenyewe. Joto linapandisha gharama ya kuishi, samaki ashibe au asishibe. Anayekula atakavyo huifidia gharama hiyo, kwa sababu joto pia limempa hamu ya kula na tumbo linalosaga haraka. Mwenye sahani ndogo hana cha kufidia: chakula ni kilekile, na kodi imepanda. Kwake, maji ya baridi ni nafuu.

Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba mto fulani umepata joto kwa nyuzi mbili, bado hujajua kama samaki wake watanenepa au watakonda. Muulize kwanza kuhusu chakula. Mto wenye rutuba unaopata joto kidogo unaweza kutoa samaki wakubwa kuliko zamani. Mto maskini ukipata joto hilo hilo, samaki wake wataanza kutafuna akiba yao wenyewe, na saa za mchana utawakuta wamejazana kwenye midomo ya chemchemi, palipo na ubaridi, wengi wakiwa hawali chochote.

Pumzi

Joto halipiti bila kuigusa oksijeni. Maji ya nyuzi 0 yaliyoshiba hewa, usawa wa bahari, hubeba takriban miligramu 14.6 za oksijeni kwa lita. Kwenye nyuzi 20 hubeba 9.1. Kwenye 30 hubeba 7.6. Yaani kutoka 20 hadi 30 mahitaji ya samaki yanakaribia kuongezeka maradufu wakati ghala linapungua kwa asilimia 16 hivi. Tena ghala lenyewe lilikuwa dogo tangu mwanzo: lita moja ya hewa tunayovuta sisi ina oksijeni karibu mara 30 ya lita ya maji hayo ya nyuzi 20. Samaki anapitisha kitu kizito sana kwenye matamvua yake ili apate kidogo sana, na kazi hiyo nayo ina bei.

Watu huifikiria oksijeni kama suala la kufa na kupona. Kwa ukuaji, madhara huanza mapema zaidi, mezani. Kusaga chakula na kukigeuza nyama kunahitaji oksijeni nyingi. Baada ya mlo mkubwa, matumizi ya oksijeni ya samaki aliyetulia yanaweza kufika maradufu. Samaki aliye kwenye maji yenye pumzi chache hana nafasi ya kushiba. Anakula kidogo, kwa sababu mlo mkubwa ungemkosesha pumzi ya kumkimbia adui. Kwa aina nyingi, ukuaji huanza kupungua oksijeni inaposhuka chini ya takriban miligramu 5 kwa lita, na hapo bado yuko mbali na kifo.

Jambo dogo ambalo naliona likisahauliwa mara nyingi: oksijeni ya mto mpole wenye mwani na majani mengi haitulii siku nzima. Mchana mimea inaitengeneza, usiku mimea, samaki na bakteria wote wanaivuta. Kiwango cha chini kabisa huwa alfajiri. Anayepima saa sita mchana na kurudi nyumbani ameandika saa bora ya siku na kuiita hali ya mto.

Wapo samaki waliojitafutia njia. Kambare ana kiungo cha kuvuta hewa ya juu, kamongo ana mapafu kabisa. Tambaki, samaki mkubwa wa bonde la Amazon, oksijeni inapopungua mdomo wake wa chini huvimba ndani ya saa chache na kutokeza kama mdomo wa birika, akakinga maji ya juu kabisa yanayogusana na hewa. Hali ikitengemaa, mdomo unarudi. Njia hizi zinamwokoa, lakini hazimpi ukuaji wa bure: kila anapopanda juu kuvuta hewa anaacha kula, na anajionyesha kwa ndege.

Mto Mara, unaopita Kenya na Tanzania, unaonyesha jinsi pumzi ya mto inavyoweza kukatwa hata pasipo kiwanda wala jiji. Viboko zaidi ya 4,000 hula nyasi usiku na kurudi majini mchana, na watafiti walikadiria kuwa huingiza humo takriban kilo 8,500 za nyasi zilizosagwa nusu kila siku. Maji yakiwa machache, samadi hiyo hutuama kwenye madimbwi na kuoza mpaka oksijeni inakwisha chini. Mvua ikinyesha juu, mto unajaa ghafla, unayasomba yale maji meusi ya madimbwini na kuyasukuma chini, na samaki walio njiani hukosa pumzi, wengine hufa. Baada ya muda maji yanajisafisha na maisha yanaendelea.

Nyuma ya jiwe

Sasa simama juu ya daraja la chini, mahali ambapo mto ni mwangavu na una kasi, na tafuta jiwe kubwa lililozama nusu. Nyuma yake, upande wa chini, kuna kijisehemu ambapo maji yametulia. Ukiwa na subira utamwona samaki amekaa hapo, kichwa kikielekea mkondo unakotoka, mkia ukicheza kidogo tu. Kila baada ya muda anachomoka kwenda pembeni, mahali maji yanapokimbia, ananyakua kitu ambacho wewe hukukiona, na kurudi palepale. Mchomoko, mnyako, kurudi. Anaweza kufanya hivyo siku nzima.

Ukikielewa anachokifanya, umeelewa sehemu kubwa ya uhusiano wa mkondo na ukuaji. Maji yaendayo kasi ni mkanda unaobeba chakula: mabuu wa wadudu waliong'olewa mawe ya juu, wadudu walioanguka, vipande vya hiki na kile. Kadiri mkanda unavyokwenda haraka, ndivyo vingi vinavyompita kwa saa. Lakini kuogelea ndani ya mkanda huo ni ghali mno. Kwa hesabu ya ukinzani wa maji, ukizidisha kasi mara mbili, nguvu inayohitajika kuishinda inakaribia mara nane. Mahali pa faida ni mpakani: mwili ndani ya maji mapole, mdomo hatua mbili kutoka maji makali. Jiwe linampa vyote viwili.

Mwaka 1984 Kurt Fausch alichapisha majaribio aliyoyafanya na samaki wa jamii ya salmoni kwenye mifereji ya maabara. Alipiga hesabu ya kila mahali: chakula kinachopita kutoa gharama ya kukaa hapo. Samaki walijipanga kwa kufuata hesabu hiyo kana kwamba wameisoma. Mwenye ubabe alikaa penye faida kubwa, wa pili akafuata, na kasi yao ya kukua ililingana na faida ya mahali walipokaa. Kwa maneno mengine, ndani ya mto mmoja, kwenye kipande ambacho mtu angeruka kwa hatua kumi, kuna viwanja vya bei tofauti, na samaki hawakui kwa wastani wa mto bali kwa kiwanja walichopata.

Ndiyo maana namba moja ya kasi ya mkondo, ile inayoandikwa kwenye ripoti, inaniambia kidogo sana. Mfereji ulionyooshwa na kusakafiwa unaweza kuwa na wastani uleule wa kasi kama mto wa mawe na magogo uliokuwepo kabla yake. Kwenye mfereji hakuna nyuma ya jiwe. Kila anayekaa humo anaogelea muda wote, kwa bei kamili.

Mkondo wenyewe, ukiwa wa wastani, hauna ubaya. Jamii ya salmoni wanaofugwa kwenye maji yanayowalazimisha kuogelea kama urefu mmoja hadi mmoja na nusu wa mwili kwa sekunde mara nyingi hukua vizuri kuliko waliowekwa kwenye maji yaliyosimama. Sehemu ya sababu ni tabia: wakiwa na kazi ya kuogelea, hupungua kuumana. Ugomvi nao unachoma nishati.

Tope linaingilia hapa kwa njia mbili. Samaki anayewinda kwa macho, maji yakichafuka, umbali anaoweza kuona windo unapungua, na mchomoko wake kutoka nyuma ya jiwe unakuwa wa kubahatisha. Anayewinda kwa ndevu kama kambare, au kwa umeme kama jamii ya samaki-tembo wa Afrika, hasumbuki kiasi hicho. Njia ya pili ni ya polepole na kwa maoni yangu ndiyo mbaya zaidi: mashapo laini yakituama yanaziba nafasi kati ya changarawe, na ndani ya nafasi hizo ndimo mabuu wanamoishi. Mto unaweza kurudi kuwa mweupe wiki ijayo, watu wakafurahi, na huku chini ghala la chakula limesakafiwa.

Chakula hutoka nje ya mto

Kuna kosa ambalo hata watu wanaoijua mito hulifanya, la kudhani samaki wa mtoni analishwa na mto. Shigeru Nakano na Masashi Murakami waliuchunguza mto mdogo wa Horonai, kisiwani Hokkaido nchini Japani, mwezi baada ya mwezi. Katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 2001, asilimia 44 ya nishati ya samaki kwa mwaka ilitokana na wadudu wa nchi kavu: viwavi, mende, buibui na wengine walioanguka kutoka kwenye miti. Walianguka zaidi wakati wa kiangazi, majani yakiwa mengi, kipindi ambacho wadudu wa majini wenyewe wamepungua. Kabla ya hapo Nakano na wenzake walikuwa wamefunika sehemu za mto kwa wavu kama nyumba ya kuoteshea mimea, wadudu wasianguke. Samaki wakageukia mabuu wa majini kwa nguvu, mabuu wakapungua, na mwani ambao mabuu hao walikuwa wakiula ukaongezeka juu ya mawe. Wavu juu ya maji uliishia kubadilisha rangi ya mawe chini ya maji.

Kwa hiyo kukata miti ya ukingoni ni uamuzi unaogusa vipande vyote vya hesabu, na siwezi kukudanganya kwamba jibu ni moja kila mahali. Kwenye kijito baridi chenye kivuli kizito, kuingia kwa mwanga huamsha mwani, mwani hulisha mabuu, na samaki wanaweza kukua haraka kwa miaka kadhaa. Kwenye mto ambao tayari uko karibu na ukomo wa joto la samaki wake, kukata kivuli kunaongeza gharama na kuondoa mvua ya wadudu kwa wakati mmoja.

Kwenye mito mikubwa ya nyanda, mlango mkuu wa chakula ni mafuriko. Mwaka 1989 Wolfgang Junk, Peter Bayley na Richard Sparks waliliweka wazo hili kwenye maandishi: kwa mito ya namna hiyo, mapigo ya mwaka ya kujaa na kupungua ndiyo yanayoendesha uhai wote. Kwenye mji wa Manaus, nchini Brazili, maji ya Amazon hupanda na kushuka kwa karibu mita 10 kwa mwaka. Yakipanda, yanaingia msituni, na samaki wanaingia nayo. Yule tambaki mwenye mdomo wa birika ana meno yanayofanana na magego. Hukaa chini ya miti iliyozama, akisubiri mbegu za mpira-mwitu zidondoke majini, anazivunja na kula. Hujaza mafuta mwilini, kisha maji yanapokauka na msitu kumfungia mlango, huishi kwa akiba hiyo karibu bila kula.

Ukitazama gamba la samaki wa mto wa namna hiyo, utepe uliobanana hauna uhusiano na majira ya baridi. Ni kipindi cha maji machache. Maji yalipokuwa yakipanda, mistari iliachana.

Lakini mafuriko yako ya aina mbili, na lugha ya kila siku inatuponza kwa kuyaita jina moja. Yapo yanayokuja taratibu, yakakaa wiki au miezi juu ya nyanda, yakaotesha mwani na kulea vifaranga kwenye maji ya vuguvugu. Na yapo yanayopita kwa siku mbili, yakakomba mabuu wote kwenye mawe na kuondoka. Ya kwanza ni sherehe. Ya pili ni wizi.

Turudi Mara kidogo, maana mto huo una kisa cha upande wa pili. Nyumbu wanapouvuka katika uhamaji wao, wengi huzama. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2017 yalikuwa wastani wa nyumbu 6,250 kwa mwaka, zaidi ya tani 1,000 za mizoga. Kwa wiki chache baada ya vifo hivyo, kati ya theluthi moja na nusu ya chakula cha samaki wa kawaida wa mto huo hutokana na mizoga. Nyama huisha haraka; mifupa huendelea kuachia fosforasi kwa miaka. Wanyama wa nchi kavu wanaukata pumzi mto huo kwa samadi na kuulisha kwa mizoga, ndani ya mwaka mmoja.

Chokaa na asidi

Hapa naweza kwenda haraka. Maji yanayotoka kwenye miamba ya chokaa yana madini mengi, mimea mingi na konokono na kamba wadogo wengi. Trauti wa vijito vya chokaa vya kusini mwa Uingereza hukua haraka kuliko ndugu zao wa vijito vyenye asidi vya milimani. Asidi ikizidi, mambo yanaharibika vingine: udongo unaachia alumini, alumini inaganda kwenye matamvua, na samaki anaanza kupoteza chumvi za mwili. Kusini mwa Norwei mvua yenye asidi ya karne ya 20 iliondoa salmoni kwenye mito kadhaa, na watu wakalazimika kumwaga chokaa majini ili kuwarudisha. Kabla ya kufa, samaki wa maji hayo hutumia nishati kubwa kulinda chumvi zake. Huo nao ni mlango wa matumizi, na chenji inapungua.

Wengi mno

Kabla ya kuulaumu mto kwa samaki wadogo, wahesabu samaki. Mto wenye hali nzuri kabisa, ukijaa vifaranga wengi walionusurika, unaweza kuwa na samaki wembamba kwa sababu tu sahani imegawanywa kwa wengi. Ukipima mito miwili na kukuta ule mchafu una samaki wakubwa zaidi, usishangae: huenda wamebaki wachache, na waliobaki wanakula peke yao.

Sato na jamaa zake perege wana ujanja mwingine unaowachanganya watu. Wakijikuta mahali pabaya au pembamba, wanaweza kupevuka na kuzaa wakiwa bado wadogo sana, na nishati ambayo ingekuwa mwili ikaenda kwenye mayai na malezi. Anayemwona sato wa urefu wa kiganja akiwa na mayai mdomoni anaweza kudhani ni aina nyingine. Ni yule yule, amebadilisha mpango wa matumizi.

Mageti

Bwawa kubwa ni mahali ambapo mwanadamu anashika karibu vishikio vyote vya hesabu hii kwa mkono mmoja: joto, kasi, tope, mafuriko. Maji ya kina cha bwawa ni ya baridi na hayana mashapo. Yakitolewa kupitia tundu la chini, mto wa chini yake unakuwa mto wa nchi nyingine.

Kwenye Mto Colorado nchini Marekani, chini ya bwawa la Glen Canyon, maji yalikuwa yakipanda na kushuka kila siku kufuata mahitaji ya umeme. Wadudu wengi wa majini hutaga mayai pembezoni, pale maji yanapoishia. Wakitaga jioni maji yakiwa juu, asubuhi mayai yako juu ya mawe makavu. Kuanzia Mei hadi Agosti 2018 waendeshaji walijaribu jambo moja: Jumamosi na Jumapili maji yaliachwa chini bila kubadilika, ili mayai ya siku hizo yabaki yamelowa wiki nzima.

Juu zaidi, kwenye Mto Green unaomwaga maji yake Colorado, bwawa la Flaming Gorge lilikamilika mwaka 1964. Trauti waliopandikizwa chini yake walikaa kwenye maji baridi kupita kiasi na hawakukua ipasavyo. Mwaka 1978 njia za kuchukulia maji zilirekebishwa ili maji yachotwe kwenye tabaka la juu, lenye joto zaidi, na trauti wakaanza kukua vizuri. Mwenyeji wa mto huo, samaki mlanyama mkubwa ambaye zamani ilisemekana hufika karibu mita 1.8, hukua vizuri zaidi kwenye takriban nyuzi 25. Maji yaliyokuwa vuguvugu kwa trauti yalikuwa bado barafu kwake. Inabidi ashuke kilomita kama 105 chini ya bwawa, mpaka Mto Yampa unapoingia, ambao hauna bwawa kubwa la kuuzuia. Hapo maji yanachanganyika na kuanza kupata joto.